Mama wa Mulango na Vitenge vya Kuazima

Kwetu Masisi, ukitaka kujua kama sikukuu ya Bikira Maria imekaribia, usihangaike na kalenda. Njoo utazame kibaraza changu cha ushonaji. Ukikuta wanawake wamejaa, kila mmoja ameshika sketi mkononi na anaomba iongezwe urefu, ujue siku imefika. Ujue pia kwamba wote hao wanamwogopa mtu mmoja.

Hawakuwa wakimwogopa padri. Padri wetu alikuwa mpole, hata kuku wa parokia walimzoea wakawa wanaingia sakristia. Waliyemwogopa ni mama mmoja mwembamba aliyekaa kwenye kigoda, pale njia ya kupanda groti inapoanzia. Groti ni pango la mawe ambalo wazee wa parokia walilijenga kilimani, wakaweka humo sanamu ya Maria, na watu wanatoka mbali kuja kusali mbele yake. Mlango wenyewe ulikuwa miti miwili na ubao mmoja wa kuvuta. Jina la ubatizo la huyo mama nilikuwa nalijua, lakini halitakusaidia kitu. Sisi sote tulimwita Mama wa Mulango, naye aliitika.

Nilishona chini ya kilima kile kwa miaka mingi. Nikiinua kichwa kutoka kwenye mashine nilimwona, na sauti yake niliisikia hata mvua ikipiga mabati.

"Dada, mabega iko inje."

"Papa, kofia."

"Mama, hii sketi ilikosa kitambaa ao ilikosa adabu?"

Sheria zake zilikuwa chache na hakuna aliyeziandika. Mabega yafunikwe. Sketi ipite goti. Mwanamke aliyevaa suruali ajifunge kitenge juu yake. Mwanaume avue kofia, na kaptula aiache sokoni. Padri aliwahi kutaka kutundika kibao chenye maneno hayo, akakataliwa. "Kibao haiko na macho," Mama alisema, na mambo yakaishia hapo. Alikuwa na msemo wake mmoja ambao watoto wa katekisimu waliujua kuliko baadhi ya amri za Mungu: "Goti ni ya kupiga, haiko ya kuonyesha."

Usifikiri alikuwa mkali kwa kila mtu sawasawa. Waliotoka mbali, upande wa Pinga, aliwaheshimu kupita kiasi. Njia ile ni matope na pikipiki inalala chini mara tatu kabla hujafika, basi wanawake wanavaa suruali ya safari na kukunja kitenge ndani ya mfuko. Wakishuka pale chini yetu, wananawa miguu mferejini, wanafunga kitenge juu ya suruali, wanapangusa uso, ndipo wanapanda. Mama aliwatazama wakifanya hayo yote bila kuwaharakisha. "Bale njo banajua kutembea," aliniambia, yaani hao ndio wanaojua kwenda ugenini. Sisi wa karibu, tunaotoka nyumbani tumekwisha kunywa maziwa, tulipofika tumevaa ovyo alitusema hadi tukatamani kurudi.

Nitakueleza pia mambo yake ambayo waliomwogopa hawakuyajua.

Alipenda mitindo. Kalenda ya mishono iliyokuwa ukutani kwangu, yenye wasichana waliovaa magauni ya harusi yanayoacha mgongo wazi, yeye ndiye aliyeichoka mwisho. Jioni, mlango ukishafungwa, alikuja, akasogeza kigoda, akaanza kufunua karatasi moja moja. Alishika picha kwa vidole kana kwamba kitambaa kiko pale. "Hii mushono ni muzuri sana," angesema kuhusu gauni ambalo asubuhi angelirudisha kutoka kilimani mpaka kijiji cha Kalembe. Nikamuuliza siku moja, inakuwaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini chumvi haiwekwi kwenye chai.

"Muzuri iko muzuri," akasema. "Lakini kuko kwa harusi, na kuko kwa Maria."

Na kasiksi alikunywa, pombe yetu ya ndizi. Hakunywa nyingi, ila alikunywa kwa furaha, na akishakunywa alicheza vizuri kuliko vijana. Wapo waliosema mlinzi wa groti hapaswi kucheza. Aliwaambia mabega yake yamefunikwa, waangalie.

Kosa ambalo sitalisahau nililifanya mwaka ule parokia ilipochapisha kitenge cha sikukuu, chenye sura ya Bikira Maria katikati ya duara la maua. Kila mama alitaka kushonewa kikwembe, vazi la blauzi na sketi, cha kitambaa kile, na mimi nilikata usiku na mchana kama mtu aliyepandwa na wazimu. Cha Mama wa Mulango nilikikata haraka. Kwa kuwa nyumbani kwake hakukuwa na kioo kikubwa, alivaa, akajiona mbele yuko safi, akapanda kilimani mbele ya kwaya nzima. Sura ya Maria ilikuwa imeangukia makalioni pake.

Kwaya iliona, haikusema. Nani angethubutu. Mwishowe mtoto mmoja akamwambia bibi yake kwa sauti, na Mama akasikia. Unajua alifanya nini? Hakuondoka. Alisimama Misa nzima, pamoja na mahubiri, pamoja na matangazo ambayo kwetu ni marefu kuliko mahubiri, asije akamkalia Maria. Jioni alikuja kwangu, miguu imevimba.

"Mwanangu," akasema, "leo weye ulitaka nimukalie Mama wa Mungu."

Nikafumua, nikakata upya. Toka siku hiyo, kila kitambaa chenye sura ya mtakatifu alikuja kukipiga chaki mwenyewe, na wanawake wengine wakaiga. Mpaka leo fundi wa kwetu hawezi kukata kitenge cha parokia bila kuulizwa: uso utaangukia wapi?

Kwa vitenge vya wanasiasa navyo alikuwa na dawa yake. Wakati wa kampeni wagombea wanagawa vitenge vyenye sura zao, na mwanamke wa shamba hawezi kukataa kitambaa kipya. Mmoja akaja nacho groti, mgombea anacheka kifuani na anacheka tena kwenye mapaja. Mama akamzuia kwa mkono.

"Huyu naye alikuja kusali ao alikuja kuomba kura?"

"Mama, siko na ingine mupya," yule mwanamke akajibu, machozi yako karibu.

Mama akafikiri kidogo. "Basi umugeuze aangalie ndani."

Wakaenda nyuma ya ua, mwanamke akakigeuza ndani nje, akapanda akiwa na heshima zake. Mgombea hakupata sala siku ile, sijui kura kama alipata.

Kulikuwa pia na dereva mmoja wa pikipiki. Huyu alileta abiria kutoka Walikale, akashuka na kaptula yake, akataka kupanda naye kusali kwa kuwa mke wake alikuwa mgonjwa. Mama akatoa kitenge chenye maua mekundu makubwa, akamfunga mwenyewe kiunoni, akakaza fundo. Wenzake chini walicheka mpaka wakashika matangi ya pikipiki. Wakamwita bibi harusi. Yeye akapanda, akapiga magoti, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi akakunja kitenge vizuri, akakirudisha kwa mikono miwili. "Mucheke tu," akawaambia. "Miye nimesali."

Hapo nimerukia mbele. Maana kabla ya hapo Mama hakuwa akimwazima mtu kitenge. Kabla ya hapo aliwarudisha. Kilichombadilisha ni siku moja, na siku hiyo mimi nilikuwepo, na ndiyo sababu naandika haya.

Ilikuwa sikukuu ya Kupalizwa Maria mbinguni. Watu walikuwa wengi kuliko maharagwe ya mavuno, kwaya tatu zinapokezana, na mimi kibarazani nina magauni yasiyoisha na wenyewe wamesimama juu ya kichwa changu. Katikati ya saa hizo akaja mwanamke mmoja kwa njia ya Kalembe, peke yake, anakimbia. Alivaa blauzi isiyo na mikono na sketi nyepesi ya ndani, ile ambayo mwanamke wa kwetu haonekani nayo nje ya chumba. Matope yalifika magotini. Nilimwona akifika mlangoni. Nilimwona Mama akinyoosha mkono kuziba njia. Waliyosemezana sikuyasikia kwa sababu ya ngoma, ila nilielewa, kwa kuwa maneno yenyewe tuliyajua sote: rudia nyumbani, uvae, ukuje.

Akashuka. Akasimama mbele ya mashine yangu.

"Dada, uniazime kitenge kidogo tu. Naingia, natoka, nakurudishia. Kuko mutu inafaa nimuombee sasa hivi."

Nikamwambia, "Hizi zote ni za batu."

Na sikusimamisha mashine. Ilikuwa kweli, vile vilivyokuwa mezani vilikuwa vya wateja. Lakini changu mwenyewe nilikuwa nimekikunja na kukikalia, maana kiti kilikuwa kigumu. Ningenyanyuka tu. Ningenyanyuka kidogo tu, nikavuta, nikampa. Nilimtazama usoni, naye akanitazama, akaona kwamba sitanyanyuka.

"Haina neno," akasema, akaondoka kwa njia aliyojia.

Jioni, watu wakiwa bado uwanjani, akaja mwanaume kwa pikipiki kutoka Kalembe, anamtafuta padri. Alisimulia mbele yetu. Asubuhi ile mke wa jirani yake, akiwa njiani kuja groti, alishikwa na uchungu katika shamba la maharagwe. Mwanamke mgeni, mtu wa Walikale wa upande wa Pinga ambaye walikutana naye njiani tu, alivua vitenge vyake viwili, kimoja akapokea nacho mtoto, kingine akamfunika mzazi. Na damu ilipokataa kukatika, alimwacha mzazi mikononi mwa mama mmoja mlimaji aliyekuwa shambani, akakimbia mbele ili akasali kwa Maria kwa niaba yake. Sasa damu ilikuwa imekatika, mama mzima, mtoto mzima. Familia inataka kumshukuru yule mgeni. Je, alifika?

Padri akageuka kututazama. Mama wa Mulango alikuwa amesimama karibu yake, kamba ya mlango bado mkononi.

"Alifika," akasema. "Ni miye nilimurudisha."

Alisema hivyo mbele ya watu wote, bila kujitetea. Mimi nilikuwa nyuma yake, na pini mdomoni. Pini hizo ningeweza kuzitoa. Sikuzitoa.

Yule mwanamke hakuonekana tena. Familia ilitafuta, wakakosa. Mzazi mwenyewe alipoulizwa yule mgeni alivyoonekana, alisema uchungu ulimfanya aone mikono tu. Yule mlimaji alikuwa mkimbizi, alikwisha kwenda zake na watu wake. Basi Mama akaanza kutafuta kwa njia yake. Kila aliyetoka Walikale, kabla hajaulizwa habari za mabega, aliulizwa kwanza: hamujue mama mumoja, alikujaka huku siku ya sikukuu, alikuwa bila kitenge, tulimurudisha? Nilisikia swali hilo miaka na miaka. Alikuwa anasema "tulimurudisha", kwa adabu ya kwetu ya kutojitaja, na kila aliposema hivyo nilidhani ananiita.

Vitenge akaviomba nyumba kwa nyumba. Vilivyochanika, vilivyopauka, vya marehemu, vyote alipokea, akaniletea nishone pindo. Vikajaa gunia, gunia likawa magunia. Akavitundika kwenye kamba kando ya mlango, na kila Jumatatu alivifua mtoni, akavianika kwenye majani. Ukipita barabarani siku hizo ungedhani kuna harusi ya kilima. Maneno yake mlangoni yalibadilika. "Rudia" ikafa. Ikawa: "Ngoja, kamata hii."

Lakini sheria hakuilegeza hata kidole kimoja, na hilo liliwashangaza wengi. Padri mwingine aliyekuja baadaye, kijana, alimwambia kwa upole kwamba kisa kile kilipaswa kumfundisha kuacha mambo ya nguo, maana Mungu anatazama moyo. Nilikuwa pale, napima kanzu.

"Ndiyo, mon père, Mungu anaangalia moyo," Mama akasema. "Miye moyo ya batu siioni. Naona mabega. Na ile siku, adabu haikukosa. Miye njo nilikosa. Mugeni akikosa nguo, unamufunika. Humutume kwenda kuitafuta."

Padri akainua mikono nimalizie kumpima kanzu.

Watu hawakusahau kosa lake. Nilisikia wakinong'ona kisimani kwamba yule ndiye aliyemfukuza mgeni wa Maria. Alisikia pia, masikio yake yalikuwa mazima. Akajitwika maji yake, akaenda zake. Na mimi? Mimi nilisifiwa. Walisema fundi ana moyo, anashona vitenge vya groti bure. Padri alinitaja kanisani. Nilikaa pale kwenye benchi, nimevaa vizuri, nimefunika mabega, na aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilijiambia nitamwambia Mama baada ya Pasaka. Halafu baada ya mavuno. Dhamiri nayo ina namna yake ya kuahirisha, na mimi nilikuwa bingwa.

Kisha milio ya risasi ikasogea kilimani kwetu, tukatawanyika kama tulivyozoea kutawanyika. Mimi nikaenda na mashine yangu juu ya kichwa. Mama alichukuliwa na binti wa dada yake, wakaenda kukaa Kalembe. Mlango wa groti, nasikia, watu waliupikia. Siwalaumu, kulikuwa na baridi. Ila yale magunia ya vitenge aliwagawia wanawake waliolala kanisani, kila mmoja na chake, kabla yeye mwenyewe hajakimbia. Alifika Kalembe na kile alichovaa.

Kilima kile nakikumbuka zaidi asubuhi, ukungu ukiwa bado mabondeni, kengele za ng'ombe zinasikika bila kuona ng'ombe, na yeye anavuta ubao wake. Natamani kurudi hapo, hata kwa matusi yake.

Nilimwona tena mwaka jana, kiangazi. Nilikuwa na safari ya kwenda Pinga na nikamwomba dereva apitie Kalembe. Nilimkuta anachambua maharagwe kwenye ungo, mlangoni mwa chumba. Macho yalikuwa yamepungua, alichambua kwa vidole. Alinitambua kwa sauti. Tukaongea habari za watu, nani yuko hai, nani yuko wapi, nani ameolewa vibaya. Alicheka. Akaniuliza kama bado nakata nyuso za watakatifu mahali pasipofaa. Kisha akasema, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kwamba hapa Kalembe wanapita watu wengi wa Walikale, na anawauliza wote, lakini yule mama bado.

Nikaona nikinyamaza tena nitakufa nayo.

"Mama, ule mama alipita kwangu."

"Mama gani?"

"Ule wa siku ya sikukuu. Wakati alitoka kwako, alisimama mbele ya mashini yangu, akaniomba kitenge. Nikamunyima. Yangu ilikuwa pale, niliikalia."

Vidole vikasimama kwenye ungo.

"Hii miaka yote," akasema. "Bananisema miye. Na weye uko pale, unakata uzi."

"Ndiyo, Mama."

"Toka."

Nikatoka. Nilifika kwenye migomba, dereva tayari amewasha pikipiki, nami nafungua fundo la kitenge ili nipande, niliposikia sauti ile ya mlangoni, ile ile iliyokuwa inapita juu ya ngoma.

"Rudia hapa."

Nikarudi, nikasimama mbele yake. Hakuwa amenisamehe, ilionekana.

"Mutu mumoja nilimurudisha na sikumuona tena. Sitarudisha mwingine. Ikala."

Nikakaa chini, kwenye udongo. Akautafuta mkono wangu, akaushika kwa nguvu mpaka ukauma.

"Ile siku, alisimama karibu na weye?"

"Karibu, Mama. Vile tuko hivi."

"Miye niliangalia mabega," akasema. "Niliangalia na magoti. Sura sikuiangalia. Hii miaka yote niko nauliza batu juu ya mutu mwenye sijue sura yake. Weye uliiona?"

"Niliiona."

"Niambiye."

Dereva alizima pikipiki. Nikamwambia Mama kwamba yule mwanamke alikuwa na mwanya katika meno ya juu, na kovu dogo juu ya jicho la kushoto, na kwamba nilipomnyima hakukunja uso. Mama wa Mulango akafumba macho yake, akaniomba nianze tena, polepole.